Karo lisilojaa

Kwetu Jambiani, Zanzibar, fundi wa karo, yaani shimo la maji ya choo, husifiwa kwa jambo moja: "Karo lake halijai." Sifa hiyo nimeipokea miaka mingi, na nilikuwa nikiifurahia. Unachimba maweni kwa mtaimbo na nyundo, siku tatu nzima shimo halijavuka kiuno, viganja vimejaa malengelenge. Ghafla mtaimbo unazama, ubaridi unakupiga usoni. Pango! Mwenye nyumba anashukuru Mungu, maana kazi imekwisha. Unapandisha matofali pembeni, unafunika zege juu, chini unaacha wazi. Maji yanakwenda zao.

Yanakwenda wapi, sikuwahi kuuliza mpaka nilipomchimbia mama yangu.

Ilikuwa bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida. Asubuhi bahari imekupwa mbali, kina mama wako kwenye mwani, nami nimefika kwenye maji chini ya shimo. Yametulia, unaona jiwe la chini. Nikachukua kipande cha mkaa nikapiga mstari ukutani, sawa na maji yalipofika. Nikaenda kula, nikasali, nikarudi alasiri. Mstari siuoni. Maji yamepanda shibiri nzima. Bahari yenyewe ukisimama pale huioni, lakini shimo linajaa na kupwa nayo. Hatua 18 kutoka hapo kipo kisima cha ami, ambacho nimekunywa maji yake tangu utotoni. Nikaenda kuchungulia. Nacho kimepanda.

Nilikaa juu ya kifusi mpaka magharibi nikiyakumbuka makaro yangu yote, nyumba kwa nyumba.

Ardhi yetu ni jiwe la matumbawe, limejaa matundu. Mvua haituami, inazama papo hapo, na hayo maji matamu yanakaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi. Ndiyo tunayoyateka, na humohumo ndimo tunamomimina vyoo. Penye udongo mwingi, uchafu huchujwa njiani. Kwetu ufa mmoja tu unatosha kuufikisha kisimani. Kipindupindu kilitupiga mwaka 1978 kikianzia kijiji cha wavuvi, na 2015 hadi 2016 tukakiona tena. Tukihubiriwa kunawa mikono, ni haki. Lakini na chini ya miguu yetu tutazame.

Lile shimo la mama nililipiga sakafu ya zege, nikaligawa vyumba viwili. Mazito yanazama, mafuta na povu vinaelea, maji ya katikati ndiyo yanayovuka kwa bomba lililoinama kama kiwiko. Kutoka hapo yanaingia kwenye handaki fupi, nalo lina sakafu, limejazwa kokoto na kupandwa matete. Maji yanapita chini ya kokoto, huyaoni, na harufu haipandi. Vijidudu vinavyokaa kwenye mawe na mizizi ndivyo vinavyokula uchafu. Yanayotoka mwisho si ya kunywa hata kidogo. Yanakwenda kwenye migomba. Si jambo geni hapa Zanzibar: kisiwani Chumbe, juu ya jiwe kama hili letu, maji ya kuogea hupitishwa kwenye vitanda vya mimea, na vyoo vyao ni vya mboji, havitumii maji kabisa.

Saruji ilikwenda nyingi, sifichi. Mama aliuza mbuzi wawili. Kwa mtu mmoja ni mzigo, na ndiyo maana nataka majirani wanne watano washirikiane karo moja na kitanda kimoja cha matete.

Ami alikuja kutazama, akazunguka, akapiga zege kwa bakora yake.

"Mwanangu, hili si litajaa?"

"Litajaa, ami. Baada ya miaka kadhaa tutaita gari linyonye tope."

"Langu mwaka wa 20 huu halijajaa."

Sikumjibu. Nilimuonesha mstari wa mkaa niliokuwa nimeuchora upya kwenye jiwe la kisima chake asubuhi ile, na maji yalipofika sasa. Akainama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nimshike mkono, tuhesabu hatua kutoka karo lake mpaka kisimani.

Tukahesabu pamoja. Hatua tisa.