Fimbo, nivo na jiwe jeusi: shajara ya kupima Goma

Anayejifunza kupima ardhi kwa setilaiti hakosei kwenye kuwasha mashine. Mashine inawaka, taa zinamulika, na baada ya dakika moja au mbili namba zinatokea kwenye skrini: 748213.467. Tarakimu tatu baada ya nukta! Hizo tatu ndizo zinazolevya. Mtu anaona milimita, anahifadhi, anarudi nyumbani. Kumbe mashine ile ile huandika milimita zake kwa utulivu ule ule hata ikiwa imekosea mita tano, kwa kuwa yenyewe haijui imesimama juu ya nini wala kwa kimo gani. Hayo inaambiwa. Jioni hii betri zikiwa kwenye chaji napanga upya yale ambayo mwanafunzi wa hapa Goma lazima aiambie mashine sawasawa, na naona mengi yake hayahusu setilaiti hata kidogo.

Tuanze na trepie, ile miguu mitatu ya kubebea besi. Besi ni kipokezi cha setilaiti kinachosimama mahali pamoja na kuisahihisha rova, kipokezi kingine kinachotembezwa juu ya fimbo. Mafunzo yote yanasema: kanyaga miguu mpaka ncha za chuma zizame. Zizame wapi? Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Ile ya 22 Mei 2021 ilisimama upande wa Buhene, pembezoni mwa mji. Juu ya jiwe hilo ncha inateleza, na trepie iliyoteleza milimita chache saa ya pili ya kazi haipigi kelele. Tega kila mguu ndani ya ufa au kishimo. Pasipo na ufa, funga miguu kwa kamba au mbao za pembetatu isipanuke, kisha laza mfuko mdogo wa mchanga juu ya kila mguu.

Piketi ya mti, kile kigingi cha kuashiria pointi, nayo sahau: hapa alama ni pini ya chuma. Gonga jiwe kwa nyundo kwanza: likilia kama ngoma, hilo ni gamba tu, chini kuna uwazi, na pini yako itaondoka na gamba siku lori litakapopita. Likitoa sauti kavu, toboa shimo la sentimita 10 hivi, ingiza kipande cha ferabeto (nondo) ya milimita 12, jaza simenti, na kichwani piga nukta moja kwa msumari mgumu. Nukta hiyo ndiyo unayoipima. Chuma chenyewe kina upana wa milimita 12, na ukilenga "katikati ya chuma" kwa jicho umeshapoteza milimita kadhaa bure. Simenti iachwe hadi kesho yake.

Sasa kimo cha antena. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo data nyingi zinapofia. Kuna vimo viwili: cha wima, kutoka nukta hadi chini ya antena, na cha mshazari, kutoka nukta hadi alama iliyo ubavuni mwa kipokezi. Kwenye trepie huwezi kupima wima kwa meta ya mkanda, kwa kuwa kichwa cha trepie kiko njiani, unapima mshazari. Kontrola, kile kifaa cha mkononi chenye skrini, inakuuliza umepima kipi, na jibu lililowekwa tayari kwenye menyu mara nyingi ndilo lisilo lako. Mfano: mshazari 1.523, alama iko sentimita 9 kutoka katikati. Wima ni 1.520. Tofauti ni milimita 3, si kitu. Lakini kutoka alama hiyo hadi kitako cha antena mtengenezaji ana kipimo chake, na ukichagua aina ya antena isiyo yako, kipimo hicho kinakuwa cha mashine nyingine, na hapo sentimita kadhaa zinaondoka. Chagua jina la antena lililoandikwa chini ya kipokezi, herufi kwa herufi.

Pima kimo hicho pande tatu za trepie. Zikipishana zaidi ya milimita 2 au 3, nivo (kile kiputo cha kusawazisha) haiko sawa au mkanda umepinda. Andika zote tatu kwenye daftari kwa kalamu, kabla ya kuanza na tena kabla ya kukunja. Wengi wanaruka mara ile ya pili, na ndiyo peke yake inayoonyesha kuwa trepie ilizama au iligongwa na mtoto aliyekuwa anafuata mpira.

Fimbo ya rova haina hesabu ngumu, ila ina mtego wake. Ina vituo: 1.80, 2.00, wakati mwingine zaidi. Mtu anaishusha ili apite chini ya waya au mti wa avoka, anasahau kuiambia kontrola, na kuanzia hapo pointi zote zinakaa sentimita 20 chini ya ukweli. Hakuna kitakachoonekana vibaya kwenye ramani, kwa kuwa kosa liko kwenye mwinuko tu. Litaonekana siku ya kuchimba mfereji, maji yatakapokataa kwenda. Nivo ya duara ya fimbo nayo ijaribiwe kila wiki: simamisha fimbo ikiwa imeshikwa na miguu yake miwili, leta kiputo katikati, kisha zungusha fimbo nusu duara. Kiputo kikitoka katikati, nivo ndiyo mgonjwa. Fimbo ya mita 2 iliyolala digrii 1 tu inakupeleka kando sentimita 3.5. Hapo ule umakini wote wa setilaiti zilizo kilomita 20,000 juu umeuzwa kwa skrubu ya nivo.

Besi imesimama. Kontrola inauliza: besi iko wapi? Kuna kitufe kinachosema, kwa lugha yoyote, "hapa". Ukikibonyeza, mashine inajipa koodinati zake kama simu inavyojipa, na kosa lake ni mita kadhaa. Si dhambi kukibonyeza. Umbali kati ya pointi zako utabaki sahihi hadi sentimita, ila parseli yote, yaani kiwanja unachopima, itakuwa imehamishwa kwa pamoja, labda imeingia barabarani. Dhambi ni kukibonyeza na kutorekodi data ghafi. Washa rekodi kabla rova haijapima pointi ya kwanza, kila sekunde 15 au 30, na iache saa 2 kwa uchache. Nne ni bora. Jioni unageuza faili kuwa RINEX, muundo unaosomeka na programu za mashine zote, na kuituma kwenye huduma ya bure inayokokotoa upya mahali pa besi, kama CSRS-PPP ya Kanada au AUSPOS ya Australia. Ile ya Kanada itakuuliza mfumo: chagua ITRF, mfumo wa koodinati wa dunia nzima, maana NAD83 ni ya kwao Amerika ya Kaskazini. Jibu likirudi, tuseme besi ilijiita 747902.310 mashariki na sasa ni 747903.842, unaongeza 1.532 kwenye kila pointi ya siku hiyo, na unafanya vivyo hivyo kwa kaskazini na kwa mwinuko. Vituo vya kudumu vya IGS, mtandao wa kimataifa wa vipokezi, vilivyo jirani ni NURK ya Kigali, kama kilomita 100 kutoka hapa, na MBAR ya Mbarara, kama 200. Ni mbali mno kuongoza rova yako moja kwa moja, kwa hiyo besi yako mwenyewe huwezi kuikwepa.

Rova sasa. Simu husoma msimbo uliobebwa na mawimbi, ndiyo maana inakosea mita 3 hadi 5. Kipokezi cha kupimia husoma wimbi lenyewe, ambalo kwa L1, masafa ya kwanza ya GPS, lina urefu wa sentimita 19. Kinajua sehemu ya wimbi la mwisho, lakini hakijui mawimbi mangapi kamili yamepita kabla yake. Wakati bado kinakisia, skrini inaandika flotanti. Kikishapata idadi kamili, inaandika fiksi. Usihifadhi kona ya parseli kwenye flotanti hata kama usahihi ulioandikwa unapendeza. Na fiksi nayo ina uongo wake, hasa kwa mji wetu wa mabati. Ishara inagonga bati, inarudi kwenye antena ikiwa imechelewa, na kipokezi kinahesabu mawimbi kwa ishara iliyozunguka. Dawa ni moja: pima, vunja fiksi kwa kuigeuza antena kichwa chini hadi ipoteze setilaiti, isimamishe, subiri fiksi mpya, pima tena kwa jina lingine. Ndani ya sentimita 2 au 3, sawa. Zaidi ya hapo, rudi baada ya saa moja, setilaiti zikiwa zimehama.

Kona iliyobanwa kati ya ukuta na nyumba ya bati usiilazimishe. Pima pointi mbili mahali peupe, kisha kwa mkanda chukua umbali kutoka kila moja hadi kona. Duara mbili za umbali huo zitakutana mahali pawili. Mchoro wa mkono kwenye daftari ndio utakaokuambia ni papi. Ni kazi ya babu, na bado inaishinda fiksi ya uongo.

Saa ya kufanya kazi ina uzito hapa kuliko Ulaya, ambako menyu hizi zilitungwa. Tuko karibu na ikweta, na tabaka la juu la anga lililojaa chembe za umeme, ionosfia, huvimba mchana na kuchafuka baada ya jua kuzama, zaidi karibu na Machi na Septemba. Ndipo fiksi inapokatika bila mti wala ukuta. Asubuhi ni rafiki. Ikiwa PDOP, namba inayoonyesha setilaiti zimetawanyika vizuri kiasi gani angani (ndogo ndiyo nzuri), iko juu ya 3, ngoja. Kata setilaiti zilizo chini ya digrii 10 hadi 15 juu ya upeo. Setilaiti zote zikipotea mara moja mahali peupe, usilaumu ionosfia peke yake: kebo imelegea, au kuna mtambo jirani unaopiga kelele kwenye masafa hayo. Redio ya ndani ya besi nayo usitegemee ivuke zaidi ya kilomita 2 au 3 kati ya nyumba; pandisha antena yake kabla ya kununua redio kubwa.

Halafu kuna watu. Mashine ya kijani juu ya miguu mitatu inaogopesha mwenye nyumba kuliko askari. "Munapima nini hapa? Munataka kutubomolea?" Swali la haki. Jibu linatolewa kabla ya trepie kufunguliwa: "Mama, shikamoo. Tunaomba kupita kwenye parseli yenu, karatasi ya shefu wa kartie ni hii, na wa nyumba kumi anajua." Karatasi ya kweli, yenye muhuri, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Na usikalie besi ikiwa kwenye shimo. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Sake, gesi ya mazuku hutuama mabondeni. Ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, haina rangi. Ukiona panzi na ndege wamekufa kwenye kishimo, hapo hapana kituo. Ngurumo ikianza, laza fimbo chini: ni ya kaboni, inapitisha umeme, na Kivu hii ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani.

Jioni, mezani. Goma iko kwenye zoni 35 Kusini ya UTM, gridi ya mita inayoigawa dunia katika zoni. Mashariki ina tarakimu sita na huanza na 74 au 75. Kaskazini ina saba na huanza na 981 au 982. Ukiona mashariki karibu 80000, mtu amechagua zoni 36. Ukiona kaskazini ina alama ya kutoa, amechagua nusu ya kaskazini ya dunia. Makosa haya yanatibika kwa dakika mbili leo, na kwa wiki mbili mwezi ujao. Umbali wa gridi hapa unazidi ule wa mkanda kwa sentimita 12 hivi kila kilomita: kwa parseli ya mita 20 haina maana, kwa barabara ya kilomita 5 ina maana. Mwinuko uliotoka kwenye setilaiti si mwinuko wa juu ya bahari. Unahitaji modeli ya jioidi, yaani ya umbo la usawa wa bahari, kama EGM2008. Ziwa liko karibu mita 1,460, basi pima ukingo wake mara moja uone kama namba zako zina akili.

Kompyuta zetu ziko kwa Kifaransa, zinataka mkato badala ya nukta kwenye desimali. Fungua CSV, lile faili la jedwali la pointi, bila kuangalia na 748213.467 inaweza kugeuka 748213467, au kuhamia nusu kwenye safu ya jirani. Faili la asili lisiguswe, fungua nakala. Saa nazo zinachanganya: saa 3 asubuhi ya Goma ni 9:00 ya simu na 07:00 ya faili, kwa kuwa faili halifuati saa yetu. Faili nyingi "zilizopotea" zimekaa saa mbili nyuma, zinasubiri.

Kisha tarehe, iandikwe kando ya kila koodinati. Bara lote linasogea kaskazini-mashariki kama sentimita 2.5 kwa mwaka, kwa hiyo ITRF ya leo na ya miaka kumi iliyopita zinatofautiana kama robo mita kwa pini ile ile. Hilo ni la Afrika nzima. La kwetu ni kwamba Mei 2021 magma ilipenya chini ya mji hadi chini ya ziwa, na ardhi ikapasuka barabarani. Pini yoyote ya Goma iliyopimwa kabla ya hapo, hata ikiwa na muhuri wa nani, ninaipima upya kwa saa 4 kabla ya kuiwekea besi, na karatasi ya zamani ninaiacha kwenye faili pamoja na mpya, kila moja na tarehe yake.