Mechi 5, siku 6

Leo nimepita Sewanee, kile chuo kidogo cha mlimani huko Tennessee. Mwenyeji wangu akanisimulia habari za timu yao ya futiboli ya Kimarekani ya 1899.

Jamani!

Walipanda treni wakaenda kucheza mechi 5 ugenini ndani ya siku 6, dhidi ya timu za vyuo vikuu: Texas, Texas A&M, Tulane, LSU (chuo cha jimbo la Louisiana), Mississippi. Jumapili tu ndiyo walipumzika. Wakashinda zote, bila kuruhusu hata pointi moja!

Msimu mzima mechi 12, ushindi 12.

Ila mie kilichonigusa ni maji. Wanasema walibeba mapipa ya maji ya chemchemi ya kwao, wasije wakaugua matumbo njiani. Nikamkumbuka bibi na dumu lake, kila safari ya Tanga.

Nyie mkisafiri hubeba nini cha nyumbani?