Punje nne, vikombe vitatu

Usiku ule umeme ulikatika Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, kabla ya saa mbili, na laptopu niliyoazima, ambayo betri yake ilishakufa zamani, ikazimika papo hapo. TP, yaani kazi ya vitendo ya darasani, ilitakiwa kesho yake: programu ya lugha ya Pascal itakayotoa vekta (orodha zenye mpangilio) zote za namba nzima sita, zisizo hasi, zenye jumla ya 10. Moja isikosekane, moja isirudiwe.

Programu nilikuwa nayo, ila sikuipenda. Mizunguko sita, yaani amri zinazojirudia, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja ukitoka 0 hadi 10: majaribio 1,771,561 ili kuokota vekta 3,003. (Hiyo 3,003 niliipata kwenye pembetatu ya Pascal, yule yule ambaye lugha ile ilipewa jina lake.) Ni kumwaga gunia zima chini ili upate kiganja kimoja cha maharage. Tena mwalimu alishatuonya kwamba siku ya kusahihisha ataibadilisha sita iwe nane, na hapo mizunguko yangu isingefaa kitu.

Mama alikuwa akichambua maharage kwa mwanga wa mshumaa. Nikamwomba punje nne, nikapanga vikombe vitatu mezani, swali lile lile kwa udogo: namba tatu zenye jumla ya 4, nikaanza kugawa huku mdogo wangu wa miaka tisa akiandika daftarini. Mwanzo niligawa ovyo. Kwenye mgawo wa saba au wa nane akaninyooshea kalamu: "Yaya," ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, "ile umeshaifanya." Nikagawa mwingine. "Na hiyo pia."

Nikaanza upya, safari hii kwa mpango. Punje zote kikombe cha kwanza: 4 0 0. Kisha moja moja zikahamia cha pili: 3 1 0, 2 2 0, 1 3 0, 0 4 0. Hapo nikakwama. Cha kwanza kitupu, cha tatu hakijaguswa. Nilikaa muda mrefu nimekishika kikombe cha pili, nta ikidondoka mezani. Mwishowe nikakimimina chote kiganjani, nikatia punje moja kikombe cha tatu, na zile tatu zilizobaki nikazirudisha cha kwanza. 3 0 1.

Mwili ulinisisimka. Sheria ilikuwa moja tangu mwanzo: kuanzia kushoto, tafuta kikombe cha kwanza chenye kitu, kimimine, punje moja iende kwa jirani wa kulia, zilizobaki zirudi kikombe cha kwanza. Hata 4 0 0 inaifuata. Tukaenda nayo mpaka 0 0 4, na mdogo wangu akahesabu mistari: 15, kama inavyotakiwa. Hakuna uliorudiwa, wala haikuwezekana urudiwe. Soma kila mstari kutoka kulia kwenda kushoto, 004, 013, 022, 031, utaona namba inapanda tu, haigeuki nyuma.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba wanahisabati Albert Nijenhuis na Herbert Wilf waliichapisha kanuni hiyo hiyo miaka ya 1970. Nilifurahi kuwakuta njiani.

Umeme ulirudi saa tisa na nusu usiku. Nikaandika mistari michache, bila ile mizunguko sita, na idadi ya nafasi ikawa namba moja tu unayoitaja juu kabisa ya programu. Nikaiendesha. Namba zikapanda skrini kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, zikasimama kwenye 0 0 0 0 0 10, na chini yake hesabu: 3003. Nikaenda kumwamsha mdogo wangu aje aone.