Mstari Mmoja Katika Andiko la Utafiti

Mwaka 2012 nilikuwa katibu wa kamati ya maadili ya utafiti katika hospitali moja ya watoto huku pwani. Andiko lililokuwa mezani siku ile, yaani mpango wa utafiti unaoombewa kibali, lilihusu watoto wanaofikishwa wodi ya dharura wakiwa hoi, ambao hawawezi kungoja mzazi asomewe fomu ya ridhaa. Mtafiti aliomba aanze na ruhusa ya mdomo, maelezo kamili na saini vifuate mtoto akishapata nafuu.

Hilo halikutushtua. Utafiti wa FEAST, uliolinganisha dripu ya kasi na ya polepole kwa watoto mahututi huko Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwamo, ulitumia njia hiyo hiyo. Nimefanya kazi ya uuguzi wodini, najua jinsi dripu ya kasi ilivyoaminiwa kwa mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. FEAST ilisimamishwa Januari 2011, watoto 3,141 wakiwa wameshaandikishwa, kwa sababu waliopewa maji kwa kasi walikuwa wakifa zaidi: kati ya 10 na 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, na wenzao waliopewa polepole 7. Bila utafiti ule tungeendelea hivyo hivyo kwa nia njema.

Tulikwama kwenye mstari mmoja: mtoto akifariki kabla mzazi hajasaini, ridhaa haitahitajika tena.

Mwakilishi wa jamii, mkunga mstaafu asiyependa maneno mengi, akainua mkono.

"Mwanangu," alimwambia mtafiti, "huyo mama atajua lini kwamba mwanawe alikuwa kwenye utafiti?"

"Mama, tuliona tusimwongezee uchungu."

"Na akija kuambiwa na jirani? Watu watasema mumiani."

Hakuna aliyecheka. Uvumi wa mumiani wanyonya damu upo tangu enzi za ukoloni, na kichupa kimoja cha damu chatosha kuuamsha.

Daktari mmoja alisema kumpelekea mfiwa karatasi ya kusaini ni ukatili. Nilikubaliana naye kuhusu karatasi, si kuhusu kunyamaza. Kumwomba mtu ridhaa ya jambo lililokwisha kutendeka ni kumtwika mzigo usio wake. Kumweleza yaliyompata mwanawe ni haki yake, na haki hiyo haizikwi na mtoto. Niliyasema hayo ingawa katibu hana kura.

Andiko tukalirudisha. Mzazi aliyefiwa asisainishwe chochote. Aelezwe na muuguzi aliyemhudumia mtoto, si mtafiti, familia yenyewe ikiwa tayari kusikiliza. Na akikataa taarifa za mwanawe zitumike, ziondolewe. Mkunga aliombwa akae na wauguzi watunge pamoja maneno ya kusema. Andiko liliporudi, mstari ule ulikuwa umejaza ukurasa mzima, tukalipitisha.