Kinachookolewa Katika Shoka la Zamani

Wageni wanaofika nyumbani kwangu Isevya na kuyaona mashoka yaliyopangwa ukutani huuliza kwanza yana bei gani. Kwa bei ya sokoni hayana thamani kubwa, kwa sababu mengi nimeyapata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu hapa Tabora, ambao huyapima kwa kilo pamoja na rimu za baiskeli na masufuria yaliyotoboka. Thamani ninayoitafuta iko katika sehemu ndogo tu ya shoka, yaani upana wa vidole viwili hivi vya chuma kigumu kilicho nyuma ya makali. Mpini hubadilishwa na kutu huondolewa, lakini ugumu wa makali ukishapotea haurudishwi kwa tupa wala msasa.

Mashoka mengi yaliyofuliwa Ulaya na Marekani katika karne ya 19 hayakuwa ya chuma cha aina moja. Mhunzi alilitengeneza umbo la shoka kwa chuma laini, ambacho hukunjika kwa urahisi ili kupata tundu la mpini, kisha akaunga kwa moto kipande cha feleji, yaani chuma kigumu kinachoshika makali, upande wa makali, kwa kuwa feleji ilikuwa ghali na haikufaa kupotezwa mahali pasipokata. Kwa hiyo shoka la namna hiyo lina kikomo: aliyelinoa kwa miaka mingi akaimaliza feleji amebaki na kipande cha chuma laini ambacho hakitashika makali hata kikinolewa kutwa nzima.

Ili kujua feleji iliyobaki, mimi hulilaza shoka ndani ya siki nyeupe usiku mmoja. Asubuhi kutu huwa imelainika na hutoka kwa brashi ya waya, na mara nyingi siki huwa imefichua mstari hafifu unaotenganisha rangi mbili za chuma, ambao ndio ungio lenyewe. Umbali kutoka mstari huo hadi makali ndio umri uliobaki wa shoka. Usipoonekana mstari wowote, huenda shoka zima ni la feleji, kama ilivyozoeleka baadaye viwandani, na hapo tupa ndiyo hutoa jibu, kwa kuwa huteleza juu ya chuma kigumu na kung'ata chuma laini. Baada ya siki, shoka huoshwa kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, hukaushwa papo hapo na kupakwa mafuta, kwani likiachwa na unyevunyevu hushika kutu mpya siku hiyo hiyo.

Jambo ninalolipinga bila kuona haya ni grainda, yaani mashine ya kunolea kwa jiwe linalozunguka kwa kasi. Mafundi wengi huipenda kwa sababu kazi huisha upesi na cheche zinavutia wateja, lakini makali ni membamba na hayana pa kupeleka joto. Feleji ikifika nyuzi 230 hivi za Selsiasi hugeuka rangi ya majani makavu, na ikikaribia 300 huwa ya buluu. Buluu hiyo, ambayo wengine huiona kuwa pambo, ni dalili kwamba ugumu umeshuka, na itabidi sehemu hiyo yote iondolewe kwa tupa. Ninalibana shoka kwenye jiliwa, yaani kibanio cha chuma, natumia tupa kwa mkono, kisha namalizia kwa kinoo na maji. Pembe ya makali nayo si ya kunakiliwa: shoka lililonolewa jembamba kwa ajili ya misonobari ya Ulaya humeguka likikutana na mti mkavu wa miombo, kwa hiyo huyaacha makali yawe manene kidogo.

Mihuri iliyopigwa kwenye chuma haiguswi. Nina shoka lenye jina la Elwell, mafundi wa Wednesbury huko Uingereza, na jingine lenye alama ya mshale iliyokuwa ikipigwa kwenye mali za serikali ya Uingereza. Lilifikaje Tabora, siwezi kuapa, ingawa reli ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga ulioanza mwaka 1947 ulifyeka misitu ya Urambo, hivyo njia za zana kama hizi kuingia hazikukosekana.

Kwa mpini ninachagua mti wa mkole uliokauka vizuri, ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Mninga ni mzuri kwa macho, lakini naona ubaki kwenye vitanda na milango. Wapo wanaotumbukiza shoka lililolegea ndani ya ndoo ya maji ili mpini uvimbe. Hukaza kweli, ila nyuzi za mti hupondeka ndani ya tundu, na mti ukikauka shoka hulegea kuliko mwanzo. Dawa ni kabari ya mti mgumu. Oili chafu nayo siitumii, kwa kuwa haikauki kamwe. Mafuta ya kitani yaliyochanganywa na nta ya nyuki, ambayo kwetu haiadimiki, hukauka na kushikika vizuri.

Ninapofuatana na warina asali kwenye kambi zao upande wa Sikonge, nachukua kishoka chenye mpini mfupi, nami hupiga goti ninapopasua kuni, maana kishoka kikikosa gogo hapo hukita ardhini badala ya mguuni. Kuni tunaokota zilizoanguka. Wenyeji wangu wana mashoka ya kienyeji, ambayo mkia wake wa chuma umepenya kichwa cha mpini, na kila pigo huuzamisha mkia huo ukazidi kukaza bila kabari. Kwa maisha ya porini, ambako mpini mpya unachongwa hapo hapo kambini, naliona kuwa umbo bora kuliko yote niliyotundika ukutani.

Shoka lenye ufa kwenye tundu silitii mpini, hata liwe na muhuri wa kupendeza kiasi gani, kwa sababu siku moja kichwa kitaruka. Feleji yake ikiwa bado ndefu, nampelekea mhunzi aikate na kunifulia tezo.