Tua ya Watoto wa Makueni Kuja Nairobi, Nikiwa Ndani ya Basi

Mwalimu mkuu wa shule niliyosomea aliponipigia kuniambia wanaleta gredi ya saba na ya nane tua, yaani safari ya kujionea, Nairobi na wanataka mtu wa mjini awasaidie, nilijua nitawangoja tu hapa Nyayo Stadium nidandie basi. Akakataa. "Mwanangu, kuja ulale huku, tutoke pamoja. Hawa watoto wakikuokota barabarani hawatakuskiza." Mimi naye siwezi bishana na mtu alinifundisha kuandika jina langu, kwa hivo nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari jioni, nikashuka Sultan Hamud na kutoka hapo ni pikipiki mpaka shuleni, vumbi mpaka ndani ya masikio.

Shule yenyewe ni ndogo, iko kando ya reli ya zamani, na zoni yote ina shule chache hivi ambazo walimu wanajuana kwa majina ya watoto wao. Watu wa Nairobi wakiskia shule ya mashambani wanadhani hakuna kitu kinaendelea huko. Wacha niwaambie kilichokuwa kwa ubao wa matangazo, manake nilifika mapema nikakaa nikausoma wote. Wasichana wa voliboli wameshinda zoni na wanaenda ngazi ya kaunti ndogo. Klabu ya 4K, ya kilimo, imevuna sukuma wiki na kuwauzia walimu, pesa imeandikwa hadi shilingi ya mwisho. Mtoto wa gredi ya tano amechaguliwa kukariri shairi kwa tamasha la muziki. Tanki la maji limezibwa, musichote kwa ndoo chafu. Mwenye mbuzi wanaoingia shamba la shule anajijua. Yote haya yameandikwa kwa kalamu ya buluu na klabu ya wanahabari, ambayo ukiniuliza mimi ni msichana mmoja wa gredi ya nane na wasaidizi wanaomuogopa. Huyo ndo alikuja kunisalimia akiwa na kitabu cha mistari, akaniuliza "Anko, ukiwa Nairobi unafanya kazi gani?", nikamjibu, akaandika.

Pesa ya safari ilipatikana vile pesa hupatikana huko. Kuna mzazi alilipa kwa simu, mwingine akalipa kidogo kidogo, na kuna mama alileta ndengu kwa gunia, mwalimu akaziuza sokoni siku ya soko akamkatia risiti ya tua. Shule haina basi lake kwa hivo walikodi la shule ya sekondari ya jirani, la manjano vile sheria inataka, na dereva wake mzee mpole ambaye kabla atoe basi alizunguka akigonga kila gurudumu na kipande cha chuma.

Tukatoka giza bado. Mpaka Salama walikuwa wanaimba, hadi nikashindwa kulala, na mimi nilitaka kulala hapo. Baada ya Salama matumbo yakaanza. Wengi hawajawahi kaa kwa gari muda mrefu hivo, na tangu karatasi za plastiki zipigwe marufuku 2017 huwezi toa tu juala mfukoni umpe mtoto, kwa hivo mwalimu wa gredi ya saba alikuwa amebeba ndoo ya rangi yenye kifuniko, ikawa inapitishwa nyuma mbele nyuma mbele, pamoja na ndimu za kunusa. Hakuna aliyemcheka mwenzake, na hiyo niliiona. Nairobi mtoto akitapika kwa basi la shule angepewa jina la utani mpaka amalize chuo.

Malili tukapita lile geti la Konza, mji wa teknolojia. Mwalimu akasimama akaanza kueleza vile rais Kibaki alikuja kuzindua ujenzi Januari 2013, eka elfu tano, na mimi nikawa napiga hesabu kwamba hawa wa mbele yangu mwaka huo walikuwa wachanga ama hawajazaliwa. Kijana mmoja akaangalia nje akauliza "na mji uko wapi?" Mwalimu akamwambia majengo yako ndani huko, huwezi ona ukiwa barabarani. Kijana akanyamaza lakini sura yake haikukubali.

Athi River kukapambazuka. Mlolongo ndo wakashika madirisha sasa, malori yamepanga laini, na ile barabara ya juu inaanza hapo inaenda mpaka Westlands, kilomita 27, imefunguliwa 2022. Walitaka tuipande. Dereva akasema huko juu kunalipiwa na hii pesa ni ya ndengu, tukabaki chini na wenzetu kwa jamu. Ikawa afadhali, manake tukiwa tumekwama karibu na uwanja wa ndege wa JKIA ndege moja ikashuka chini kabisa juu ya barabara, basi zima likahamia upande mmoja, dereva akapiga kelele warudi, na kabla warudi ingine ikaja. Ukiwauliza leo tua ilianzia wapi watakwambia hapo.

Sasa ratiba. Mwalimu mkuu alikuwa amepanga ile ratiba ya kila shule, kuzunguka KICC lile jumba refu la mikutano, Bunge kwa nje, makumbusho, nyoka, nyumbani. Mimi nikaomba kitu kimoja tu, tuanze na makumbusho ya reli kule nyuma ya stesheni, karibu na Haile Selassie. Walimu hawakuelewa sana mbona, reli si wanaiona kila siku ikipita nyuma ya darasa. Nikawaambia ndo maana.

Ile makumbusho ilianzishwa 1971 na haina mambo mengi ya kung'aa. Unaingia kwa jengo kuna picha, saa za stesheni, vyombo vya chakula vya abiria wa zamani, alafu unatoka nje kwa uwanja ambako injini zenyewe zimesimama. Kubwa kuliko zote ni ile 5918, inaitwa Mount Gelai, moja ya zile injini kubwa za mvuke za aina ya Garratt, 34 kwa jumla, ambazo kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na hakukuwa na injini ya mvuke ingine duniani ya reli ya upana wa mita iliyokuwa na nguvu kuzishinda. Watoto wakapanda hadi kwa chumba cha dereva, wakashika kila mkono wa chuma unaoshikika. Mmoja akauliza makaa ya mawe yalikuwa yanaingizwa wapi, mwenye kutuongoza akamwambia hii ilikuwa inachoma mafuta mazito. Kitabu cha mistari kikafunguliwa.

Lakini mimi nilikuwa nangoja behewa. Liko hapo nje, la mbao, dogo, ukilipita haraka utadhani ni stoo. Yule ndugu wa kutuongoza akaanza polepole: mwaka wa 1900, mwezi wa sita, reli imefika Nairobi mwaka mmoja tu umepita, na kuna simba anakula watu katika stesheni moja huko chini. Afisa mmoja wa polisi wa reli, Ryall, akaegeshwa hapo na behewa lake pamoja na wageni wawili, mmoja Mwitaliano anaitwa Parenti, mwingine Mjerumani, Hübner, wamvizie huyo simba usiku. Ryall ndo alikuwa zamu. Akapitiwa na usingizi. Behewa lilikuwa limesimama mahali pameinama kidogo na mlango wake ni wa kusukuma kando, simba akausukuma akaingia, na uzito wake ukafanya behewa lilale zaidi mlango ukajifunga nyuma yake. Sasa ako ndani na watu watatu. Akakanyaga Parenti aliyekuwa amelala sakafuni, akamshika Ryall, akatoka naye kwa dirisha.

"Stesheni gani?" ni yule msichana wa habari.

"Kima."

Bana, kelele iliyotoka hapo. Kima ni kwao! Kuna mtoto shangazi yake ameolewa hapo, kuna wengine wamecheza mpira uwanja wa hapo juzi tu kwa michezo. Kijana mmoja akasema susu yake, yaani nyanya, huwaambianga hiyo hadithi lakini ya kwake simba ni mganga aliyejigeuza, na akataka yule ndugu aseme ni ipi ya kweli. Yule ndugu akacheka akasema yeye analinda behewa tu. Msichana wa habari hakucheka, alienda kwa dirisha akaanza kulipima na shubiri, moja mbili tatu, juu kwenda chini alafu kushoto kwenda kulia, akaandika, akarudi akapima tena, akaniuliza "Anko, simba na mtu mzima wanapita hapa kweli?" Nikaangalia. Ni dirisha dogo kweli. Mimi nimepeleka wageni hapo na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hilo.

Tukakula hapo hapo chini ya mti, isyo, yaani githeri, kutoka nyumbani kwa sufuria mbili kubwa zilizofungwa na leso, bado vuguvugu. Kuna mahali tungepumzikia pazuri zaidi lakini mlinzi wa hapo alitufukuza na basi letu kabla dereva azime injini, wacha hiyo.

Uhuru Highway tukapita haraka, Nyayo House kulia, Uhuru Park kushoto, KICC wakaiona kupitia dirisha na wengi wakasema waliidhania ni ndefu zaidi. Hata mimi nadhani wameshazoea kuiona kwa noti.

Museum Hill sasa, makumbusho ya taifa. Kwa ua kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye mzee Kenyatta alimtolea amri ya kumlinda 1970 kwa sababu ya pembe zake, akafa kifo chake mwenyewe 1974. Wakapiga picha hapo mpaka simu ya mwalimu ikajaa. Ndege waliokaushwa, dakika chache. Vyungu, dakika chache. Mimi nikawasukuma mpaka chumba cha mifupa ya watu wa kale, na nikamwambia mwalimu wa sayansi, hapa ongea wewe, mimi nimemaliza.

Kuna mifupa ya mtoto pale, wanamuita Kijana wa Turkana. Ameishi kama miaka milioni moja na nusu iliyopita na ni mmoja wa waliokamilika zaidi kuwahi kupatikana. Alipatikana Nariokotome, magharibi ya ziwa, 1984. Mwalimu akauliza nani alimpata, watoto wakasema wazungu. Wote kwa pamoja, kama wimbo wa paredi. Akawangoja wanyamaze ndo akasema: Kamoya Kimeu, mtu wa Makueni.

Hapakuwa na kelele kama ya Kima. Hii waliingoja kwanza waone kama ni mzaha. Akaendelea, alizaliwa Makueni, akachunga mbuzi wa babake, akasoma shule ya misheni miaka michache tu, akaenda kufanya kazi ya kuchimba na kina Leakey, ile familia ya watafiti wa binadamu wa kale, kutoka 1960, na siku hiyo ya Nariokotome ilikuwa ya kupumzika, wenzake wako kambini, yeye akatoka kutembea tu akaona kipande kidogo cha fuvu kati ya mawe, rangi karibu ileile ya mawe. Mwaka uliofuata akaitwa Marekani akapewa medali na rais Reagan ndani ya White House. Amefariki 2022 tu, Julai, yaani hawa watoto walikuwa shuleni tayari wakifundishwa mambo ya binadamu wa kale na mwenye kuwapata yuko hai, na hakuna aliyewaambia.

Hapo ndo mimi huchoka na vitabu vyetu kidogo. Mtoto wa Makueni anajua Leakey, anaweza kukuandikia Leakey bila kukosea herufi.

Kijana aliyeuliza Konza iko wapi akainua mkono: "Alikuwa analipwa?" Mwalimu akasema ndio, ilikuwa kazi. "Kutafuta mifupa tu?" Ndio. Akafikiria. "Mimi pia najua kuona vitu. Mbuzi ikipotea ni mimi naitwa." Walimcheka wote lakini yeye alikuwa anasema ukweli wake na mwalimu akamwambia hivo.

Nyoka tukawaona mbio mbio, chatu amelala na hakuna aliyetaka kumwamsha. Ilikuwa lazima tuondoke manake wizara haitaki watoto wa shule barabarani usiku, na Mombasa Road jioni unaijua. Mimi nikashuka Bellevue, wakanipungia mikono, basi likachukua karibu nusu saa kupita mbele ya macho yangu.

Alhamisi usiku simu ya mwalimu mkuu ikanipigia, kumbe ni msichana wa habari ameazima. Kesho ni paredi ya bendera na anasoma habari. Alitaka nimtajie herufi za Hübner, hizo nukta mbili ziko juu ya ipi. Nikamuuliza kama Kima ndo habari ya kwanza. Akasema hapana, ya kwanza ni voliboli, wasichana wamecheza jana wakapoteza seti ya mwisho na shule nzima inataka kujua vile ilienda, tua ni ya gredi mbili tu. Nikajaribu kumtetea Ryall kidogo. "Anko, Ryall alikufa 1900, anaweza ngoja." Ya pili itakuwa Kamoya Kimeu, Kima ya tatu na vipimo vya dirisha, alafu tanki.

Nikaskia mwalimu mkuu anaitisha simu yake. Akanishukuru, akanisalimia watu wa nyumbani mmoja mmoja, alafu akasema gredi ya sita wameshaanza kuuliza yao ni lini, na nikipata nafasi nipitie mbuga ya Nairobi nimuulizie bei ya kuingiza watoto wa shule, na kama basi linakubaliwa kuingia na sufuria za isyo.