Nilivyopanga upya utumaji wa taarifa kutoka mashua za Kojani

Mjomba wangu ni nahodha Kojani, kisiwa kidogo mashariki mwa Pemba. Wavuvi wa huko hawakai karibu na nyumbani; wakienda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, ni wiki kwa wiki, na wakishaikata bahari ya mashariki ya Pemba minara ya simu haiwafuati. Kwa hiyo nilifunga kisanduku cha setilaiti kwenye mashua yake na nyengine tatu anazofuatana nazo. Kila baada ya dakika 10 kisanduku kinapima mashua iko wapi na maji yana joto gani, kisha kinatuma ujumbe mdogo kwenye seva niliyoiweka Wete.

Wiki ya kwanza ramani ilijaa mapengo. Kisha betri zikaanza kuzima usiku wa tatu, ingawa paneli ya sola ilikuwa nzima. Mkaza mjomba alikuwa akinipigia simu kila baada ya sala ya alfajiri: "Mwanangu, wako wapi?" Nami sikuwa na la kumjibu. Hilo liliniuma kuliko kazi yenyewe.

Mashua ziliporudi nilikivua kisanduku kimoja nikasoma kumbukumbu zake mstari kwa mstari. Programu niliyoitumia ilitoka kwenye kazi ya nchi kavu, ya mitandao ya minara. Ilikuwa ikituma, inasubiri jibu milisekunde 300, yaani chini ya theluthi ya sekunde, isipolipata inatuma tena, hivyo hivyo mara tano, kisha inafuta ujumbe. Setilaiti tunayoitumia imekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Mwanga na mawimbi ya redio hukata takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Piga hesabu: kupanda na kushuka ni karibu robo sekunde, na jibu nalo lina safari yake kama hiyo. Hata mitambo ikifanya kazi bila kuchelewa hata kidogo, jibu haliwezi kufika kabla ya kiasi cha nusu sekunde. Kisanduku changu kilikuwa kinakata tamaa jibu likiwa bado njiani! Kila ujumbe ulitumwa mara mbili tatu hata pale wa kwanza ulipofika salama, na betri ndiyo iliyolipa. Na mawimbi yakikosekana kidogo tu, ujumbe ulikuwa umeshafutwa, ramani ikabaki na pengo.

Wahandisi wa mitandao ya simu walishakumbana na jambo hili. Katika 5G ya kawaida simu na mnara hujibizana na kurudia haraka sana pakiti, yaani kipande cha ujumbe, inapoharibika, na michakato 16 ya namna hiyo huweza kwenda sambamba ili njia isikae bure wakati wa kungoja majibu. Kwa setilaiti, ambako majibu huchelewa, hizo 16 hazitoshi. Toleo la 17 la viwango vya 3GPP, ushirika wa kimataifa unaopanga viwango vya mitandao ya simu, lililokamilika 2022, liliziongeza hadi 32, tena likaruhusu lile jibu la haraka lizimwe kabisa, kazi ya kurudia iachiwe ngazi za juu zaidi. Niliposoma hayo nikaelewa kwamba mimi pia niache kupigania haraka, nipange kurudia kwa utulivu.

Nikaandika upya. Kila taarifa ikapewa namba ya mfululizo, na haifutwi mpaka seva ithibitishe kuipokea. Jibu linasubiriwa sekunde 4. Lisipokuja, jaribio la pili ni baada ya nusu dakika, la tatu dakika 2, kisha kila dakika 10, na kila mara inaongezwa sekunde chache za kubahatisha. Hizi za kubahatisha msizidharau: mashua nne zinazokwenda pamoja hukosa mawimbi pamoja, na bila ya tofauti hiyo zote zingerudi kutuma kwa wakati mmoja. Taarifa mpya hutangulia, kwa sababu mwenye mtu baharini anataka kujua aliko sasa. Za zamani hufuata zikiwa zimefungwa pamoja.

Seva nayo hutaja namba kubwa iliyoipata, pamoja na alama 32 za ndiyo na hapana kwa zile zilizoitangulia. Kisanduku kinarudia zilizokosekana tu. Kosa moja lilinigharimu siku nne: taarifa ikija mara ya pili seva iliitupa bila kujibu. Lakini huenda ilirudi kwa sababu jibu la kwanza ndilo lililopotea! Nakala itupwe, jibu litumwe tena. Ama sivyo mashua itarudia bila kikomo.

Bado kulikuwa na jambo ambalo programu haiwezi kulimaliza. Safari moja niliyopanda nao, niliona jarife lililorowa maji limerundikwa juu ya kisanduku.

"Mjomba, hapo antena haioni mbingu."

"Sasa jarife tuliweke wapi, mwanangu? Mashua ndiyo hii."

Alikuwa na haki. Kisanduku tukakisogeza tezi, juu kidogo, lakini kazi ikipamba moto nyavu huwekwa popote penye nafasi, na sitamwambia nahodha apange chombo chake kwa ajili ya antena yangu.

Msimu wa kusi uliofuata, mashua ya mjomba ilinyamaza tangu saa nane usiku. Niliketi mbele ya skrini. Saa kumi na moja alfajiri taarifa mpya ikaingia, na baada yake, katika pakiti mbili, zile 18 zilizokuwa zimezuiliwa, zote kwa namba zake. Mkaza mjomba alipopiga simu nilimsomea njia yote waliyopita usiku, na kwamba wameshageuza wanarudi nyumbani.